Shasi ya Ford, motere ya Willys: nibadilishe piesi au niache?

ShasiKampemba aliandika:

Bakubwa, jambo.

Kuna Jeep ya kijeshi ya wakati wa vita ya pili hapa Lubumbashi. Badi imeshushwa, shasi iko juu ya matofali, na kazi imesimama kwa sababu kila anayepita garajini anatoa hukumu yake. Karte roze (kadi ya gari) imeandikwa "Willys", hakuna zaidi. Lakini piesi zenyewe hazisemi sauti moja.

Traversi ya mbele, yaani boriti ya kukingama inayokaa chini ya radiatere, ni U iliyopinduliwa, si bomba la mviringo. Namba ya motere inaanza na MB, alama ya Jeep ya Willys. Bwate ya vitesi (giaboksi) ina maandishi T90 ubavuni. Ponti (ekseli) ya nyuma, ukitazama katikati ya gurudumu, unakuta nati moja kubwa yenye pini, wakati picha za Jeep nyingine zinaonyesha sahani yenye bolti sita. Grili ni ya matundu 9. Karbiratere ni Solex. Umeme umegeuzwa volti 12. Bolti za badi, baadhi zina herufi F kichwani, baadhi ni upara mtupu.

Ninachouliza ni hiki. Kwanza, hii ni Ford au ni Willys? Pili, iko bloku ya GPW, yaani Jeep ya Ford, inauzwa Likasi, ina ufa karibu na supapi lakini wanasema inashonwa. Kuinunua ili gari lote liwe Ford ni akili au ni kutupa pesa? Tatu, mekanisien mmoja anashauri kusaga namba ya MB na kugonga ile ya shasi juu yake ili zipatane, ati wanunuzi wa Ulaya wanataka namba zinazofanana. Nne, bwate, ponti na karbiratere: vibaki au vitoke?

Aksanti kwa atakayejibu kwa urefu.

MzeeTraversi alijibu:

Nianze na la tatu, maana ndilo pekee lisilorudishwa nyuma. Usisage.

Namba ya motere imegongwa juu ya kituta kidogo kilicholainishwa kwa mashine, upande wa kulia wa bloku, jirani na chujio ya mafuta. Uso wa kituta hicho una mistari ya kisu cha kiwandani, imenyooka na yote inaelekea upande mmoja. Diski ya kusagia inaacha mikwaruzo ya upinde, na inashusha uso kiasi kwamba kingo za kituta zinabaki mviringo badala ya kuwa kali. Anayenunua Jeep hizi anaweka tochi ubavuni mwa kituta, mwanga uje kwa mlalo, na kabla hajasoma tarakimu ya kwanza ameshajua kilichotendeka. Bei inaanguka palepale. Na siku utakapotaka kuvusha gari mpakani Kasumbalesa, namba iliyosagwa ina maana moja tu machoni pa mtu wa forodha: gari la wizi.

Halafu kuna kichekesho ndani yake. Willys wenyewe hawakufananisha namba. Namba ya shasi ya MB ilikuwa kwenye kibamba kilichopigiliwa ribiti ndani ya lonjero (boriti ndefu ya shasi) ya kushoto, nyuma kidogo ya bampa ya mbele, na motere ilikuwa na namba yake nyingine kabisa. Waliofananisha ni Ford: walichukua namba ya motere wakaigonga na kwenye shasi. Kwa hiyo mtu akikuletea MB ambayo shasi na motere zina namba moja, hapo ndipo pa kuanza kuuliza maswali.

Swali la kwanza: shasi yako ni ya Ford. Traversi ya U iliyopinduliwa ni Ford, traversi ya bomba ni Willys, na hapo hakuna ubishi. Sasa itafute namba. Iko juu ya lonjero ya kushoto, kati ya kishikio cha amortisere ya mbele na kitako cha motere. Iligongwa kwa kina kidogo na juu yake kuna rangi za miaka 80, kwa hiyo usiende na burashi ya chuma wala diski. Paka dawa ya kuondoa rangi, subiri, futa kwa kitambaa, rudia mara tatu au nne, malizia kwa burashi ndogo ya shaba. Ikionekana nusu nusu, lalisha karatasi nyembamba juu yake na usugue kwa penseli laini iliyolazwa. Tarakimu ambazo jicho halizioni kwenye chuma zinatokea kwenye karatasi. Fanya hivyo mara mbili, kwa karatasi mbili, kisha linganisha na karte roze kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Inawezekana kabisa aliyeandika "Willys" alikuwa anaandika jina ambalo watu wa hapa wanaita Jeep yoyote.

Sasa motere ya MB ndani ya shasi ya Ford. Mnaiona kama kasoro, lakini Jeep iliundwa hivyo makusudi. GPW ni Ford iliyotengenezwa kwa mchoro wa Willys, ndiyo maana ya ile W ya mwisho. G ni ya serikali na P ni alama ya Ford ya gari lenye urefu wa inchi 80 kati ya ekseli, yaani sentimita 203. Viwanda viwili vilitoa karibu Jeep 640,000 kati ya 1941 na 1945, na jeshi la Marekani lilitaka motere ya huku iingie kule bila nyundo. Motere ikichoka, depo ilikuwa haitafuti ya kiwanda kilekile. Ilichukua iliyo tayari kwenye rafu. Baada ya vita, karakana ya La Maltournée karibu na Paris iliendelea kwa miaka kuzivunja na kuziunda upya Jeep za jeshi la Ufaransa kutoka marundo ya piesi, na Hotchkiss nao wakatengeneza M201 kwa leseni kuanzia 1955 hadi 1966, ambayo piesi zake nyingi zinaingia kwenye MB na GPW. Watu wanaotunza bunduki za zamani kwenye makumbusho wana ugomvi huuhuu: Mauser iliyopita kwenye karakana ya jeshi inarudi na kifunga risasi chenye namba ya bunduki nyingine, na wapo wanaotaka kuirekebisha ili ipendeze, kumbe ile tofauti ndiyo ushahidi kwamba ilihudumu.

Kwa hiyo badala ya kuuliza Ford au Willys, uliza nani alichanganya na lini. Tazama rangi chini ya vitako vya motere na nyuma ya bolti zake. Kama tabaka ya kijani ya jeshi imepita juu ya motere, kitako na shasi kwa pamoja bila kukatika, ndoa hiyo ilifungwa jeshini. Kama chini ya kitako kuna rangi ya gari la kiraia, au bolti ni za milimita badala ya inchi, ilifungwa garajini. Ya kwanza unaiacha. Ya pili una uhuru nayo.

Bloku ya Likasi: hapana. Ufa kutoka kitako cha supapi kwenda silinda ni ugonjwa wa kawaida wa motere hizi zenye supapi ubavuni, na kuushona vizuri kunawezekana, lakini bloku yako ni nzima. Tena fikiria: namba iliyo juu ya bloku ile ni ya shasi nyingine iliyopo au iliyokufa mahali fulani. Utakuwa na Ford juu ya Ford na namba bado hazifanani. Pesa imekwenda, tofauti imebaki palepale.

PontiNaKardani alijibu:

Mzee amesema vizuri kuhusu namba, lakini mimi naona hatari kubwa iko nyuma ya gari. Nati moja yenye pini katikati ya gurudumu ina maana ponti ya nyuma si ya vita. MB na GPW zilikuwa na ponti ya Spicer 23-2, ambayo uzito wa gari unabebwa na kitovu na ekseli inafanya kazi ya kuzungusha tu, ndiyo maana unaona sahani ya bolti sita. Hiyo uliyo nayo ni ya Jeep ya baada ya vita, CJ-2A au jamaa zake, au M38.

Tatizo ni meno. Ponti za vita ni 4.88 kwa 1, yaani meno 39 ya korona (gia kubwa ndani ya ponti) kwa 8 ya pinyoni (gia ndogo inayoizungusha). CJ-2A na M38 ni 5.38, meno 43 kwa 8. Kama mbele imebaki ya zamani na nyuma ni ya baadaye, ukiingiza ponti ya mbele magurudumu ya mbele yanataka kwenda asilimia 10 zaidi ya yale ya nyuma. Kwenye kila mita 100, mita 10 lazima ziibiwe mahali fulani. Kwenye matope ya Januari tairi linateleza na hutasikia kitu. Kwenye lami hakuna pa kuteleza: kardani (mihimili inayopeleka nguvu kwenye ponti) zinajikamua, mkono wa 4x4 unakataa kutoka, tairi zinakwanguka, na mwisho wake ni gia ndani ya boksi ya usambazaji (inayogawa nguvu mbele na nyuma) au msalaba wa kardani. Watu wanasema "boksi za Jeep ni dhaifu". Boksi haina kosa.

Usiamini maandishi, hesabu. Fungua freni ya mkono kwanza, maana kwenye Jeep hizi inakamata ngoma iliyo kwenye kardani ya nyuma, siyo magurudumu. Weka bwate na boksi ya usambazaji kwenye nyutro, mkono wa ponti ya mbele utoke. Zuia magurudumu yanayobaki chini kwa mawe pande zote mbili. Inua gurudumu MOJA tu la nyuma, lile jingine libaki limekanyaga ardhi. Piga alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye kardani. Zungusha gurudumu lililoinuliwa mara 2 kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya kardani. Mara mbili, kwa sababu diferansieli inagawa nusu kwa nusu upande mmoja ukisimama. Ukipata karibu 4 na tisa ya kumi ni 4.88. Ukipata 5 na zaidi kidogo ya theluthi ni 5.38. Rudia mbele.

Mambo mengine ambayo mchanganyiko wa piesi unaua nayo:

Silinda za freni za magurudumu. Za mbele ni inchi 1, za nyuma ni robo tatu ya inchi. Nje zinafanana kiasi cha kumdanganya mtu mwenye haraka. Zikigeuzwa, nyuma inakamata kabla ya mbele, na Jeep fupi namna hii inageuka kutazama ilikotoka. Pima kwa kalipa, usipime kwa macho.

Nati za magurudumu. Upande wa kushoto wa gari ni meno ya kinyume: unafungua kwa kuzungusha kufuata mshale wa saa. Kijana asiyejua anaongeza bomba juu ya spana, anaruka juu yake, na goujon (bolti ya gurudumu) inakatika. Kama upande wa kushoto una meno ya kawaida, basi vitovu vilibadilishwa, andika hilo kwenye orodha yako.

Janti. Kama ni zile za vipande viwili zilizofungwa kwa nati 8 kuzunguka, usiguse nati hata moja kabla ya kung'oa moyo wa valvu na kuhakikisha hewa yote imetoka, hata kama tairi linaonekana bapa. Hewa iliyobaki inarusha nusu ya janti kama sahani.

Pompi ya mafuta ya motere. Motere ya MB inaendesha camshaft (mhimili unaofungua supapi) kwa cheni. Motere zilizofuata baada ya vita zilihamia gia kwa gia, na camshaft ikawa inazunguka upande wa pili. Kwa hiyo meno ya gia ya pompi yanaegemea upande tofauti. Duka litakuuzia "pompi ya Willys" bila kuuliza. Lalisha ya zamani na mpya sambamba mezani, tazama mwelekeo wa meno. Usifunge kitu kabla ya hapo, kwa maana mtu akilazimisha, pompi inatafuna gia ya camshaft, chembe zinashuka kwenye karteri (bakuli la mafuta) na presha inakwenda sifuri. Na pia fungua kifuniko cha mbele uone kweli kuna cheni, kwa sababu namba ya MB nje haithibitishi kilicho ndani.

T90: ina nguvu kuliko T84 ya vita, na haina madhara. Kwa mtu anayetaka kuendesha, iache. Kwa mtu anayetaka Jeep ya 1943, ni kosa la kwanza ambalo mjuzi ataliona, lakini ni kosa linalotoka kwa bolti.

ShasiKampemba aliandika:

Aksanti wakubwa wote wawili. Tumehesabu jioni hii. Nyuma: 5 na theluthi. Mbele: 4 na karibu tisa ya kumi. Kwa hiyo ponti hazipatani, na hapo ndipo tairi za mbele zilipoliwa.

Karatasi na penseli imetoa "GPW" na tarakimu nne wazi, ya tano bado. Karte roze ina tarakimu hizohizo, na ile ya tano ipo, kwa hiyo gari na karatasi ni kitu kimoja, neno "Willys" tu ndilo la uongo. Cheni ipo.

Jambo jipya: kwenye kona ya nyuma ya badi, chini ya kijani, kuna nyeupe. Watu hapa tayari wanasema ni gari la ONU (Umoja wa Mataifa) la wakati wa Katanga na kwamba lipakwe nyeupe upya. Na ponti, nibadilishe mbele au nyuma?

MzeeTraversi alijibu:

Nyuma. Mbele yako ni ya asili, kwa nini uiharibu kumfuata mgeni? Tafuta 23-2 kamili na vitovu vyake. Ponti za vita bado zinapatikana kwa sababu waliobadilisha kwenda 5.38 walitupa nyingi.

PontiNaKardani alijibu:

Ninakubali kwa nadharia. Kwa vitendo, kusafirisha ponti nzima hadi Lubumbashi ni kilo nyingi, na ukifika unakuta imekula kutu ndani. Njia ya pili ni kununua jozi ya 43 kwa 8 na kuiweka ndani ya ponti ya mbele, Spicer 25. CJ-2A ilitoka kiwandani hivyo, kwa hiyo inaingia. Lakini hii si kazi ya kufunga na kuondoka: kina cha pinyoni kinapangwa kwa shimu, halafu uchezaji kati ya meno unapimwa kwa saa ya kupimia, karibu milimita 0.15, sehemu tatu au nne kuzunguka korona. Paka rangi ya bluu kwenye meno, zungusha, tazama alama inakaa katikati ya jino. Ikikaa ukingoni, itaimba kwa kilomita mia tano kisha itavunjika. Na jozi ya zamani ya 39 kwa 8 isiachane na gari: ipake grisi, ifunge kwenye gunia la plastiki, andika "mbele, GPW" na namba ya shasi, iweke kwenye kisanduku.

Wakati unasubiri, fungua kardani ya mbele uiweke pembeni. Jeep inaendeshwa vizuri kwa magurudumu mawili, na hakuna atakayekosea akavuta mkono. Kumbuka pia kwamba kwa 5.38 nyuma saa ya spidi inasoma juu kwa asilimia 10 hivi, usijisifu.

RangiNaTole alijibu:

Niingilie kwenye rangi, kwa sababu hapo ndipo Jeep nyingi zinapoteza historia ndani ya siku moja ya msasa.

Nyeupe chini ya kijani haithibitishi ONU. Kweli, ONUC, kikosi cha ONU, ilikuwa nchini kuanzia Julai 1960 hadi Juni 1964, na Élisabethville (Lubumbashi ya leo) wakati huo ilijaa magari meupe. Lakini misheni, zahanati na kampuni za migodi nazo zilipenda nyeupe. Inabidi usome tabaka zote kabla ya kusema neno.

Chukua msasa wa maji namba 600, kipande kidogo ukizungushe kidoleni, na maji yenye tone la sabuni. Sugua mahali palipojificha, duara la upana wa sarafu, kwa kuzungusha polepole huku ukipanua ukingo. Tabaka zinaanza kufunguka kama pete za mti. Katikati ni chuma, halafu rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, halafu kijani kizito kisicho na mng'ao ambacho ndicho cha kiwandani, halafu vilivyofuata mmoja baada ya mwingine hadi juu. Piga picha kwa mwanga wa mchana, weka kipimo cha milimita pembeni. Fanya madirisha kama hayo manne: kona ya nyuma, chini ya kofia ya motere, ndani ya sanduku la zana, na kwenye traversi. Kama nyeupe iko nje tu na haiko ndani ya sanduku la zana, mtu alipaka gari likiwa limeundwa, kwa haraka. Ukitaka kuthibitisha ONU, tafuta ukingo wa herufi nyeusi chini ya tabaka za juu, kwenye ubavu wa kofia na kwenye kioo. Herufi iliyopakwa inaacha kingo nyembamba ambayo unaisikia kwa ukucha kabla ya kuiona.

Ukiikuta, mimi ningeacha dirisha moja wazi, nilipake vanishi ya kulinda, na gari lote nilipake kijani. Kulipaka lote jeupe kwa sababu ya fununu ni kutengeneza historia, ni ndugu yake kugonga namba.

La pili, badi. Chini ya sakafu ya nyuma kuna mifereji ya tole (bati) iliyofungwa, na ndani yake mna mbao. Ndiyo, mbao, tangu kiwandani. Ubao unanyonya maji ya masika, unayashika miezi, na tole inaliwa kutoka ndani huku nje inang'aa. Gonga kwa mpini wa bisibisi kila sentimita 5. Sauti ikizama, kata. Usishone bati jipya juu ya ubao wa zamani. Toa ubao, weka mpya uliolowekwa mafuta ya kitani, acha tundu la milimita 6 mwisho wa mfereji ili maji yatoke.

Badi nzima mpya zinatengenezwa Ufilipino na zinakaa vizuri, lakini ukiiweka usiitupe ya zamani hata kama ni ungo. Hasa tazama ubavu wa nyuma, kushoto. Jeep za mwanzo zilikuwa na jina FORD au WILLYS limesukumwa ndani ya tole, mpaka jeshi lilipokataza mwaka 1942. Bati lenye jina hilo, hata likiwa na matundu, linashonwa kipande kwa kipande.

Na bolti zenye F: zihesabu, zioshe, zirudishe mahali panapoonekana. Zile zisizo na alama zitumie chini. Kuna watu wanatoa mabamba ya dashibodi na kununua mapya yanayong'aa. Bamba la zamani lililofutika nusu ni bora, kwa sababu la kununuliwa linaweza kuandikwa lolote.

PontiNaKardani alijibu:

Kwa kuwa hakuna aliyejibu umeme na Solex: karbiratere ya asili ni Carter WO, yenye kibamba cha shaba kilichoandikwa 539S. Solex inaendesha gari vizuri na haikati chochote kwenye motere, inatoka kwa nati mbili. Iache mpaka upate Carter nzima. Carter iliyochoka kwenye tundu la mhimili wa kipepeo inavuta hewa ya pembeni na motere haitatulia hata uirekebishe wiki nzima, kwa hiyo ukiinunua tikisa mhimili huo kwanza.

Volti 12 ni habari nyingine. Demarere (stata) ya volti 6 inavumilia 12 kwa muda, lakini inarukia korona ya motere kwa nguvu na meno yanaisha. Saa za asili zinaungua. Mimi ningerudi 6, hasi kwenye shasi, dinamo ya ampea 40 kama zamani. Lakini watu wanarudi 6 kisha wanalalamika demarere inazunguka kivivu, na wanailaumu batri. Volti ikishuka nusu, ampea zinaongezeka mara mbili. Waya wa batri wa gari dogo la volti 12 hautoshi. Tumia wa milimita 50 za mraba, uwe mfupi, na kwaruza rangi mahali waya wa hasi unapogusa shasi hadi chuma kionekane. Weka pia msuko wa shaba kutoka motere hadi shasi, kwa kuwa vitako vya motere ni vya mpira na haviwezi kupitisha umeme.

MzeeTraversi alijibu:

Mimi ningeacha 12 kama anataka kuwasha usiku kwenye barabara ya Likasi, ila demarere na saa zibadilishwe ziwe za 12. Ugeuzaji wa umeme haukati chuma.

PontiNaKardani alijibu:

Mkubwa, umetoka kumkataza kubadilisha bloku, sasa unamruhusu kubadilisha demarere?

MzeeTraversi alijibu:

Demarere inarudi kwa bolti. Bloku nayo inarudi kwa bolti, ndiyo, lakini ile ina ufa.

ShasiKampemba aliandika:

Nimesoma yote, na mekanisien wa kugonga namba ameonyeshwa kituta kwa tochi, amenyamaza.

Hivi ndivyo itakavyokwenda. Motere ya MB inabaki: chini ya vitako vyake kuna kijani kimoja kinachoendelea mpaka kwenye shasi. Kardani ya mbele imetoka leo. T90 na Solex zinabaki kwa sasa. Silinda za freni zimepimwa kwa kalipa, na ya nyuma kulia imekutwa ya inchi 1, kwa hiyo inatoka kesho. Madirisha ya rangi yatapigwa Jumamosi mchana, picha nitazileta hapa. Mbao za chini ya sakafu zimeoza pande zote mbili.

Linabaki moja: anayejua mahali pa kupata Spicer 23-2 yenye vitovu vyote viwili, upande huu au ng'ambo ya Kasumbalesa, aandike. Kabla ya kutaja bei, tafadhali ahesabu meno.